Bunduki ya Kujikinga na Dubu: Niliyojifunza Nikihesabu Samoni Kodiak

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka huku Alaska, simu yangu hupokea swali moja kutoka kwa watu tofauti. Ni vijana wa Kikongo, Kitanzania na Kikenya wanaoishi Anchorage, wanaojiandaa kwenda kuvua samoni mto Russian au mto Kenai, na mtu amewaambia huko kuna dubu. "Shikamoo dada. Eti, ninunue bunduki gani?" Mmoja alikuwa ameshafika dukani, ameshikishwa rivolva, yaani bastola ya silinda, nzito ya .454 (namba hizi hutaja takriban unene wa risasi kwa inchi), na muuzaji amemhakikishia kwamba hiyo inaangusha chochote chenye miguu minne. Akanitumia picha yake ameishika, anangoja niseme ndiyo.

Sikusema ndiyo. Nilimuuliza: ukimwona dubu anakuja, utakuwa na sekunde ngapi?

Dubu wa kahawia, ambaye wengi wanamjua kwa jina la grizli, hukimbia hadi kilomita 56 kwa saa. Gawanya, utapata mita 15 na ushee kwa kila sekunde. Kando ya mto wenye samoni, vichaka vinashuka mpaka majini, na maji yenyewe yanapiga kelele kiasi kwamba wewe humsikii naye hakusikii. Mara nyingi unamwona akiwa mita 30, pengine 20. Basi una sekunde mbili, au moja na ushee. Ndani ya hizo unatakiwa utambue unachokiona, uamue, uachie fimbo ya kuvulia, ushike silaha, uitoe, uondoe kizuizi cha usalama, ulenge, ufyatue. Nimefundishwa kuanzia hapo, kwenye sekunde, kabla hata ya kuuliza risasi ina ukubwa gani. Na kila msimu niliokaa mtoni umenipa sababu ya kuamini kwamba waliponifundisha hivyo walikuwa sahihi.

Kazi yangu ni kuhesabu samaki. Nilikuja Marekani kwa ndoa, tukahamia kisiwa cha Kodiak, na majira ya joto nikaajiriwa kutembea kwenye vijito nikihesabu samoni wanaopanda kutaga mayai. Hesabu hiyo inawasaidia wataalamu kuamua lini wavuvi wafunguliwe na lini wafungiwe, kwa hiyo haifanyiki ofisini. Lazima mtu aingie majini na buti za kufika mapajani, kidude cha kuhesabia mkononi, miwani ya kukata mng'ao wa maji usoni. Na samoni wakipanda, dubu wanashuka. Visiwa vya Kodiak vina dubu wa kahawia wapatao 3,500, miongoni mwa dubu wakubwa kuliko wote duniani. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 600. Mimi nina kilo 56 nikiwa nimeshiba, na hilo, kama mtakavyoona, lina uzito wake katika habari ya kuchagua bunduki.

Silaha sikuziona mara ya kwanza Marekani. Nimezaliwa Liwale, kusini mwa Tanzania, pembezoni mwa pori la akiba la Selous, siku zile kabla sehemu yake kubwa haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Baba alikuwa askari wa wanyamapori. Alifukuza tembo mashambani na, mara chache, alitumwa kumfuata simba aliyejeruhiwa. Alibeba raifali ya .458. Nyumbani hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya bunduki, ila kuna sheria moja aliirudia mpaka sisi watoto tukaijua kama sala: mwenye bunduki habebi kitu kingine. Hata maji ya kunywa yalibebwa na mwenzake. Mzigo wowote mkononi, alisema, ni muda umempa mnyama.

Kabla ya kupelekwa mtoni, kila mfanyakazi wetu hupitishwa kwenye mafunzo ya tabia za dubu na ya silaha. Mkufunzi, mzee aliyewaongoza wawindaji kisiwani kwa miaka mingi, alipanga silaha mezani akatuambia tuzipige zote kwanza, ndipo tuongee habari ya kuchagua. Kulikuwa na shotigani ya kukokwa kwa mkono ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), raifali ya .30-06, raifali fupi inayokokwa kwa wenzo, inayokula risasi za .45-70, na nyingine ya .375 H&H. Upande wa bastola kulikuwa na ya magazini ya 10mm, na rivolva mbili, moja ya .44 Magnum na nyingine ya .454 Casull.

Niliposoma herufi kwenye kitako cha ganda la .375 nilijisikia nimekutana na mtu wa kwetu. Kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912, na tangu hapo imetembea Afrika yote pamoja na wawindaji wa tembo na nyati. Nchi kadhaa zinazoruhusu uwindaji wa leseni zimeifanya kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Waongozaji wengi wa Alaska wanaibeba kwa sababu ile ile iliyoipa sifa Afrika: inasukuma risasi nzito ndani sana ya mnyama mkubwa, na bado bega la mpigaji linavumilia kuliko kwa .458. Nilitaka sana iwe yangu.

Shabaha ilikuwa dubu wa kadibodi aliyesimamishwa juu ya kigari, anavutwa kwa kamba kutuelekea kutoka umbali wa mita 25. Kwa .375 risasi yangu ya kwanza iliingia kifuani pa dubu, palepale panapotakiwa. Lakini kitako cha raifali ile kilitengenezwa kwa mkono mrefu kuliko wangu. Teke lake lilinisukuma hatua nzima nyuma, na nilipomaliza kuvuta komeo na kurudisha bunduki begani, kigari kilikuwa kimenipita. Risasi moja nzuri, ya pili haikuwepo.

Kwa ile .454 hali ilikuwa mbaya zaidi, na si kwangu tu. Mzee alitupakilia silinda akiwa ametupa mgongo, akachanganya risasi za kweli na za bandia bila kutuambia zipi ziko wapi. Nyundo ikiangukia ya bandia, bastola ilipaswa kutulia kimya mkononi. Badala yake mdomo wa mtutu ulizama chini kwa kila mmoja wetu, wakiwemo wanaume wawili wenye mikono minene kama nguzo. Mwili ulikuwa umeshajifunza maumivu baada ya mlio wa kwanza tu, ukawa unajikaza kabla ya risasi kutoka. Kwa mtikiso huo risasi inapita chini ya tumbo la mnyama, na ukubwa wake wote unaishia kwenye changarawe za mto.

Kwa 10mm niligonga eneo la kifua mara tatu kabla kigari hakijafika. Kwa shotigani yenye kitako kilichofupishwa nilipiga mbili, zote mbili nzuri. Mzee aliandika namba za kila mtu kwenye ubao, jina kwa jina, silaha kwa silaha, akatuacha tuzisome wenyewe. Kijana mmoja mrefu alikuwa hodari kwa .375 kuliko kwa bastola yoyote. Mwingine alikuwa bora kwa .30-06, bunduki aliyowindia paa tangu utotoni, kwa sababu mikono yake ilishajua komeo liko wapi hata gizani. Ubao ule haukuwa na mshindi mmoja.

Sitaki mtu anielewe kwamba nguvu ya risasi haina maana. Ina maana kubwa, na hapa ndipo maduka yanapowapotosha watu kwa upande mwingine. Mwaka 1983 Meehan na Thilenius, watafiti wa Shirika la Misitu la Marekani hapa Alaska, walichapisha majaribio ya risasi za aina nyingi zilizopigwa kwa umbali mfupi, yadi 15 tu, yaani karibu mita 14, kwa sababu huo ndio umbali wa mtu anayejiokoa. Raifali zenye risasi nzito ziliongoza, .458 na .375 zikiwa juu. Ile .30-06 ya kawaida kabisa, ikipewa risasi nzito ya greni 220 (karibu gramu 14), nayo ilifanya vizuri. Bastola zilibaki nyuma sana. Kwa hiyo anayebeba bastola ajue amekubali kupoteza nguvu ili apate wepesi. Mimi nimekubali hivyo nikiwa nimefumbua macho.

Anayekubali hivyo basi awe mkali kwenye aina ya risasi. Paji la uso la dubu limeinama kurudi nyuma, mfupa wake mnene, na juu yake kuna nyama ya kutafunia. Ubongo umekaa chini, nyuma ya macho, na kichwa chenyewe kinapanda na kushuka anapokimbia. Kifuani kuna bega, misuli, manyoya yaliyoloa na mafuta ya msimu mzima wa kula samaki. Risasi inatakiwa ipite vyote hivyo ifike kwenye moyo, mapafu au uti wa mgongo. Zile risasi zenye shimo kwenye ncha, zinazouzwa sana kwa ajili ya kujilinda mjini, zimetengenezwa zipanuke mara tu zinapogusa mwili na kusimama mapema. Kwa dubu hiyo ni kasoro. Unataka risasi iliyosubiwa kwa madini magumu ya risasi, au ya shaba tupu, yenye ncha bapa, isiyopanuka, ichimbe. Bastola ya 10mm yenye risasi za namna hiyo na bastola ile ile yenye risasi za mjini ni silaha mbili tofauti, na muuzaji asiyekuuliza unakwenda wapi hawezi kujua akupe ipi.

Shotigani ina habari yake. Watu wa kwetu wakisikia shotigani wanawaza marisawa, zile chembe ndogo nyingi, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kwa ndege na wanyama wadogo. Marisawa kwa dubu wa kahawia ni kumkasirisha. Kinachotumika ni kipande kimoja kizito cha risasi, na hata hicho kikiwa cha madini laini kinabapa mapema, kwa hiyo wazoefu hutafuta kile kigumu. Sababu inayofanya vikosi vingi vya kazi za porini Alaska viendelee na geji 12 ni nyingine: bunduki hiyo hiyo inarusha fataki za kelele za kumtisha dubu angali mbali, na risasi za mpira, ndipo ifike kwenye risasi ya kuua. Kule McNeil River, ambako tangu 1973 wageni wanaruhusiwa kwa vibali vya bahati nasibu kuwatazama dubu wakila samoni karibu kabisa nao, waongozaji hubeba bunduki, na hakuna mgeni aliyejeruhiwa na dubu katika miaka yote hiyo. Kilichowalinda ni nidhamu: kundi dogo, njia zile zile, sehemu zile zile za kukaa, chakula hakiachwi wazi hata dakika moja. Dubu wa pale wanajua binadamu watakuwa wapi na watafanya nini.

Hapo sasa niseme kuhusu kopo la pilipili, na naomba kijana anayetaka bunduki asiruke aya hii. Kopo lenyewe ni kubwa kuliko yale ya kina dada ya kujikinga na vibaka. Linatoa wingu la pilipili kali kwa sekunde kama saba au tisa, likifika mita saba hadi kumi hivi. Watafiti wa dubu Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio ya Alaska ambamo watu walitumia kopo hilo: kwa dubu wa kahawia lilisimamisha alichokuwa akifanya katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya watu waliokuwa na kopo wakakutana na dubu kwa karibu hawakupata jeraha lolote. Mwaka 2012 wakachapisha wa bunduki, matukio 269 yaliyorundikana tangu 1883. Bastola zilifanikiwa kumsimamisha dubu katika asilimia 84, raifali na shotigani asilimia 76.

Wapo wanaochukua namba hizi wakazipanga kama matokeo ya mechi, pilipili imeishinda bunduki. Sikubaliani nao. Matukio hayakufanana. Mengi ya pilipili yalikuwa ya dubu mdadisi au aliyekuja kutafuta chakula, na mengi ya bunduki yalikuwa ya dubu ambaye tayari anashambulia. Kilichonikamata mimi ni orodha ya kwa nini bunduki zilishindwa. Sababu iliyoongoza, asilimia 27, ni kukosa muda wa kuitumia. Wengine bunduki ilikwama, wengine kizuizi cha usalama hakikutoka, wengine walijikwaa. Udogo wa kaliba, yaani wa risasi, haukuwa ndio uliowaponza. Nilipoisoma nilimkumbuka baba na maji yake ya kunywa.

Yaliyonipata mimi ni haya. Ilikuwa Agosti, kijito chembamba upande wa kusini wa kisiwa. Nilikuwa nahesabu, na mwenzangu, mwenyeji wa jamii ya Waalutiiq, alikuwa mlinzi wa siku hiyo: shotigani mikononi, mdomo wa mtutu chini, hana begi wala kalamu. Kopo langu la pilipili lilikuwa limefungwa kifuani kwenye mkanda, si ndani ya begi. Kila kona tunapaza sauti. Wenzangu huita kwa Kiingereza, mimi hupiga hodi, kwa sababu ndiyo sauti inayonitoka kwa nguvu bila kuwaza, na dubu anachohitaji ni kujua tu kwamba binadamu anakuja. Siku ile maji yalikuwa yamejaa, yananguruma, na upepo ulikuwa unakata mto kwa ubavu, kwa hiyo hakutusikia wala hakutunusa.

Alitoka kwenye majani marefu, jike, na watoto wawili nyuma yake, mita kama 20. Alipuliza pumzi kwa kishindo, akagonganisha meno, akaja. Nilidondosha kidude cha kuhesabia. Mkono wangu ulikuwa umeshafanya mazoezi ya kile kitendo sebuleni, njiani, kila asubuhi kabla ya kuingia majini, na kopo lilitoka, pini ikatoka, nikapuliza chini mbele yake alipofika karibu mita nane. Aligonga lile wingu, akageuka kwa mguu mmoja, akapanda ukingo na watoto wake nyuma. Upepo ukaturudishia kiasi cha pilipili, tukabaki tunakohoa na kutokwa machozi. Mwenzangu alikuwa na bunduki begani muda wote. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshachagua jiwe moja majini, na lau jike lingevuka jiwe lile angepiga. Halikulivuka. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko inavyochukua kusoma sentensi hizi.

Niliuliza sana baadaye, kwake na kwa mzee mkufunzi, nini kingetokea kama tungekuwa na bunduki tu. Jibu lao lilikuwa moja: pengine tungepona, na jike angekufa au, vibaya zaidi, angejeruhiwa akaingia kwenye majani marefu, nasi tungetakiwa kumfuata. Watoto wa mwaka ule wasingemaliza majira ya baridi. Na kama tungekuwa na kopo tu, upepo ukatugeuka? Hapo bunduki ya mwenzangu ndiyo ingekuwa pumzi yetu. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu achague kimoja akitupe kingine, kama ana uwezo wa kuwa navyo vyote na mtu wa pili wa kugawana naye.

Kuua dubu si kufyatua halafu kurudi nyumbani, hasa hapa Alaska. Sheria ya jimbo inaruhusu kuua mnyama kwa kutetea uhai au mali, lakini kwa masharti: usiwe umemchokoza, usiwe umemvuta mwenyewe kwa chakula au takataka ulizoziacha ovyo, na uwe umeshajaribu njia nyingine zilizowezekana. Ukishaua, dubu ni mali ya jimbo. Unatakiwa umchune, uitoe ngozi ikiwa na makucha yake, uitoe na fuvu, uvikabidhi kwa idara ya wanyamapori, utoe taarifa mara moja na ujaze ripoti ya maandishi ndani ya siku 15. Niliwahi kushuhudia wanaume wa kambi ya jirani wakifanya kazi hiyo kwenye mvua. Ngozi ya dubu mkubwa ni mzigo wa watu wawili, harufu ya damu inasambaa, na mmoja wao alisimama saa zote akiwa amewapa wenzake mgongo, anaangalia vichaka, maana dubu wengine wana pua.

Nilichokiona kwa macho yangu kinachookoa watu wengi kuliko silaha zote ni kazi ya jioni: kusafisha samaki mbali na mahema, kukatakata mabaki vipande vidogo na kuyatupa kwenye mkondo mkali, chakula na dawa ya meno ndani ya mapipa magumu yasiyofunguka, na uzio wa umeme wa betri kuzunguka kambi. Uzio huo ni mwepesi, mtu mmoja anaubeba. Dubu anauonja kwa pua mara moja tu. Kwa fedha za ile rivolva aliyonitumia kijana yule picha unanunua uzio, makopo ya pilipili ya familia nzima, na bado unabakiwa na nauli.

Sasa sheria kwa sisi wageni, na hapa nawasihi msiende kwa kusikia. Alaska ni jimbo lenye uhuru mkubwa wa silaha, lakini sheria ya shirikisho inakufuata hapo hapo. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua na kumiliki. Aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Dukani utajaza fomu namba 4473, ina swali linalohusu hali yako ya uhamiaji. Kujibu uongo pale ni kosa la jinai, na kwa mgeni linaweza kumaliza maisha yako yote ya Marekani. Bastola kwenye duka lenye leseni ni kuanzia miaka 21, bunduki ndefu 18. Na kama unaendesha gari kutoka majimbo mengine ya Marekani kuja Alaska, utapita Kanada, ambako bastola ya kujikinga na dubu haipiti mpakani. Huna uhakika? Lipa mwanasheria wa uhamiaji saa moja. Kopo la pilipili halina fomu.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja, na mimi ndilo linalonikosesha usingizi ninapopokea picha za namna ile. Bunduki ya dubu inakwenda mtoni wiki chache kwa mwaka. Miezi mingine yote inakaa nyumbani, na nyumba zetu zina watoto, wapwa, na wageni wanaokuja na watoto wao. Mimi ninayo sanduku la chuma lililofungwa kwa parafujo ukutani, risasi ziko kwenye kasha lingine lenye kufuli lake, na funguo hazikai pamoja. Fedha za sanduku zihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya bunduki. Asiyekuwa nazo, bunduki bado hajaweza kuinunua.

Mnaniuliza mimi nabeba nini. Mtoni Kodiak nikiwa mhesabuji: kopo la pilipili kifuani upande wa kushoto, 10mm kwenye ala ya kifuani upande wa kulia, juu ya mkanda wa buti ili isilowe. Ikiwa na risasi 15 ina zaidi kidogo ya kilo moja, na uzito huo nauvumilia siku nzima bila kushawishika kuuweka begini. Zamu ya ulinzi ikiwa yangu: shotigani ya kitako kifupi, na mikono haina kitu kingine. Nikienda kuvua na mume wangu mto Russian, mahali palipojaa watu bega kwa bega kwenye ukingo, bastola inabaki nyumbani. Risasi ngumu iliyotengenezwa kuchimba mfupa haisimami kirahisi, na ng'ambo ya mto kuna mama wa watu na watoto wake. Pale nina pilipili, sauti, na samaki wangu wako miguuni pangu. Dubu akiutaka ule mfuko, nampisha.

Kwa silaha yoyote mtakayoichukua, nendeni uwanja wa shabaha mkiwa mmevaa vile vile mtakavyovaa mtoni: koti la mvua, glavu, buti, fimbo mkononi. Mwombeni mtu aseme "sasa" bila kuwapa taarifa, mwingine ashike saa. Mkiona hamjatoa silaha na kupiga eneo la ukubwa wa sahani kwa mita kumi ndani ya zile sekunde mbili, rudini wiki ijayo, na ijayo tena. Risasi ni ghali, kwa hiyo mazoezi mengi fanyeni na silaha tupu, iliyokaguliwa na watu wawili, risasi zikiwa chumba kingine. Kwa kopo, nunueni lile la mazoezi lisilo na pilipili, mlipulize mpaka kidole kijue pini ilipo. Angalieni na tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye kopo. Gesi inapungua kwa miaka, na baridi kali inalifanya litoe kwa unyonge, ndiyo maana asubuhi zenye barafu mimi hulibeba ndani ya koti.

Yule kijana wa .454 aliirudisha dukani kabla hajailipia. Mwezi wa tano alikwenda uwanjani na mwanaume mmoja wa kanisani kwao anayemiliki silaha kadhaa, akazijaribu, akagundua kwamba raifali ya wenzo ya .45-70 inamkaa begani vizuri. Bado hajanunua. Anaweka akiba ya sanduku la chuma. Majira haya atavua na makopo mawili ya pilipili na binamu yake, na ameniambia watapokezana, mmoja kwenye maji, mmoja ukingoni.

Na mnaokuja kwa ndege kutoka majimbo mengine: kopo la pilipili la dubu haliruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye mizigo ya chini. Nunueni mkishafika, kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi mnayapata. Mkipanda ndege ndogo za kutua majini, mwambieni rubani kabla hamjapakia. Wengi wao huliweka ndani ya boya la ndege, nje ya chumba cha abiria, kwa sababu likifunguka angani, rubani hataona anakokwenda.